DVD ya Tatu

Kimaiyo alikuwa mtu wa kompyuta. Hivyo ndivyo Kabazi nzima ilivyomjua, na hivyo ndivyo alivyopenda kujulikana. Cheti chake cha packages, yaani kozi ya programu za kompyuta, alichokipata Naivasha enzi zile alipokuwa karani wa stoo kwenye shamba moja la maua upande wa Ndabibi, kilikuwa kimetiwa plastiki na kutundikwa sebuleni juu ya kalenda ya kanisa. Mtu akiwa na barua ya kupiga chapa, au simu iliyokataa kuwaka, aliambiwa aende kwa Kimaiyo. Naye hakuwa mchoyo. Alimsaidia kila mtu, ila kwanza alimkalisha chini na kumpa maelezo marefu ambayo mtu huyo hakuyaomba.

Kwa hivyo umeme ulipokatika siku moja, na stima ikarudi kwa nguvu na kuichoma mashine yao ya DVD, mkewe Jepkemboi hakupiga kelele. Wasiwasi alikuwa nao, lakini aliukabidhi kwa mumewe, kama alivyomkabidhi kila kitu chenye waya.

"Baba Winrose," alisema, "sasa siku nikipata roho ya kuangalia zile DVD za Winrose, nitaangalia na nini?"

"Nitaziweka kwa laptop," Kimaiyo alijibu. "Huko ndio hazitawahi haribika."

DVD hizo zilikuwa sita, zimekaa ndani ya mkebe wa biskuti juu ya kabati. Moja ilikuwa ya mahafali ya Winrose, moja ya koito, siku wakwe walipokuja kumposa, tatu za harusi, na moja ya mazishi. Winrose alikuwa binti yao wa pekee. Aliolewa na Kibii wa Rongai, na kabla ndoa haijazoeleka akafariki akijifungua, na mtoto naye hakupona. Tangu ile ya mazishi iwekwe humo, mkebe haukuwa umefunguliwa.

Kilichomkaa Jepkemboi moyoni kilikuwa DVD ya tatu ya harusi. Siku ile, bibi harusi alipopewa maikrofoni aseme neno, mama yake hakuwa ndani ya hema. Alikuwa nyuma ya nyumba penye masufuria, kwa sababu wageni wa Rongai walikuja wengi kuliko ilivyosemwa na wali ulikuwa unaelekea kuisha. Alisikia tu sauti ya binti yake kwenye spika, maneno yakimezwa na kelele za sahani. Kisha hema zima likanyamaza, na baadaye wanawake wakatoka wakijipangusa macho. "Mama Winrose," wakamwambia, "leo msichana wako amekuongelea vizuri." Amesema nini? akauliza. Ah, utaskia kwa video, wakamwambia, na yeye akarudi kwenye wali wake. Ndiyo desturi yetu siku hizi. Hakuna anayesikiliza jambo likisemwa, kwa sababu kuna mtu amesimama pale na kamera.

Video ilipoletwa, sebule ilijaa jamaa, na jamaa hawakuja kusikiliza hotuba. Walikuja kujiona. Aliyeshika rimoti alizirukisha hotuba zote, akasimama penye ngoma na penye keki, na watu wakacheka walipojiona wakitafuna. Jepkemboi alijiambia kwamba ataiangalia peke yake siku moja akiwa ametulia. Kabla hajatulia, Winrose alikuwa kaburini, na baada ya hapo hakuwa na ujasiri wa kuisikia sauti ile. Enzi hizo hakuna aliyekuwa akituma sauti kwa simu, na simu ya Winrose ilikuwa kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyoweza kurekodi hata mluzi. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu duniani, na mama yake alijua ni wapi. Kujua kwamba ipo kulimtosha.

Kimaiyo aliianza kazi Jumamosi asubuhi, chai pembeni, miwani puani. Akaingiza DVD ya kwanza, akainakili. Akaingiza ya pili, na kabla haijafika mwisho kompyuta ikamwambia nafasi haitoshi.

Hapo akajifunza jambo ambalo cheti chake hakikuwahi kulitaja. DVD moja iliyojaa hula kama GB nne na nusu. Sita zote zingetaka kama GB ishirini na saba. Laptopu yake ilikuwa ex-UK, mtumba wa Uingereza, kuukuu kabla hata haijafika Nakuru, na baada ya Windows kujitandaza humo, na picha za kanisa kujaa, zilibaki GB nane. Mtu mwingine angenunua hadidiski ya nje ya kuongeza nafasi. Mtu mwingine angezipeleka saiba, kwenye duka la intaneti, zikapunguzwe ukubwa. Kimaiyo hakuwa mtu mwingine.

Aliifuta ile aliyoinakili, akaifungua folda ndani ya DVD ili aone ni nini kinachokula nafasi yote hiyo. Akakuta faili zimejipanga, majina yakifanana herufi kwa herufi isipokuwa namba ya mwisho: moja, mbili, tatu, nne, tano. Akatazama ukubwa. Nne za kwanza zilikuwa GB moja moja, na zililingana mpaka tarakimu ya mwisho kabisa. Ya tano peke yake ndiyo ilikuwa ndogo. Akafungua DVD nyingine, mambo yakawa yaleyale. Kimaiyo akatabasamu.

Katika miaka yake yote ya stoo alikuwa na adui mmoja: kitu kilichoandikwa mara mbili. Dawa ya ukungu, mapipa ishirini. Chini yake tena, dawa ya ukungu, mapipa ishirini. Karani mvivu angesema mapipa ni arobaini. Yeye alikuwa akipiga mstari mwekundu na kubaki na ishirini, na meneja alimsifu kwa hilo mbele ya watu. Sasa alikuwa ameona faili nne za jina moja na ukubwa mmoja, na mkono ukaanza kumwasha.

Hakukurupuka, tumpe haki yake. Alijaribu kwanza. Alibonyeza faili ya pili, na ile programu ya kuchezesha video, kwa kuwa ilikuta diski ndani ya mashine, ikaanzia mwanzo wa diski kama ilivyozoea: jina la studio likizunguka, mioyo miwili ikigongana, wimbo. Akabonyeza ya tatu. Mioyo miwili, wimbo uleule. Ya nne, vilevile. Basi, akasema, hizi ni nakala. Ile ndogo ya mwisho akaichukulia kuwa nakala iliyokatika njiani. Akachukua faili ya kwanza ya kila DVD na kuziacha nyingine zote, na mambo yote ya Winrose yakaingia ndani ya GB sita, na nafasi ikabaki.

Hazikuwa nakala. DVD huikata video yake vipande vya GB moja moja, na kila kipande hubeba dakika zake kama ishirini. Alichokihifadhi Kimaiyo kilikuwa dakika ishirini za mwanzo za kila kitu, wala hakuna kitu kinachosemwa katika dakika ishirini za mwanzo. Watu wanavaa. Magari yanapangwa. Wimbo unapigwa juu ya kila sauti. Lakini hilo hakulijua, na hata kama angekuwepo mtu wa kumwambia, kumfundisha Kimaiyo kompyuta haikuwa kazi ya kutamanika.

Mwaka huo walikuwa wamepanda wimbi shambani, ile nafaka ya uji, na ndege walikuwa wakilishambulia bila huruma. Majirani walitundika makopo na kanda za kaseti. Kimaiyo aliutazama mkebe wa biskuti, akaona suluhisho linalomemeta.

"Una uhakika zote ziko ndani?" Jepkemboi aliuliza alipomwona akipitisha kamba kwenye matundu.

"Mama Winrose. Ni mimi unauliza?"

"Hata ile ya tatu?"

"Hata hiyo. Hizi sasa ni maganda tu. Ngoja nikuonyeshe."

Akafungua laptopu, akabonyeza. Jina la studio likazunguka, wimbo ukaanza, na mlangoni mwa hema akatokea Winrose ameshika maua, akicheza hatua ndogondogo na wasimamizi wake. Jepkemboi aligeuza uso haraka.

"Funga," alisema. "Nimeamini. Nitaangalia siku nyingine."

DVD zikatundikwa shambani. Zilizunguka kwenye upepo, zikarusha mwanga huku na huku, ndege wakakaa mbali na wimbi likavunwa vizuri. Kimaiyo alipenda kuwaonyesha wageni, akiwaeleza kwamba kwake hakuna kinachotupwa. Baada ya mavuno hakujisumbua kuzitoa. Zilikaa palepale, jua likizipiga, mvua ikizinyeshea.

Kisha macho ya Jepkemboi yakaanza kuharibika, kuanzia pembeni. Aligonga ndoo iliyokuwa ikionekana wazi kabisa, akamwaga maziwa, akacheka. Siku nyingine aligonga nguzo ya zizi na hakucheka. Daktari wa macho Nakuru alisema ni presha ya macho, kwamba wamechelewa, kwamba dawa ingeshikilia kilichobaki lakini isingerudisha kilichokwenda. Kilichobaki nacho hakikushikika. Mvua za masika zilipofika alikuwa anauona mlango kama mwanga tu, na mumewe kama kivuli kinachopita ndani ya mwanga huo, na baadaye hata kivuli kikaondoka.

Hakulalamika sana. Alijifunza nyumba kwa mikono. Lakini Jumapili moja walipotoka kanisani, akiwa bado na kitambaa kichwani, alikaa kwenye kiti chake akasema:

"Baba Winrose, leo nataka kumskia."

"Kumskia nani?"

"Msichana wangu. Kuona siwezi tena, na pengine ni afadhali, kwa sababu kumuona ndio nilikuwa naogopa. Lakini kuskia naweza. Niwekee ile ya tatu, pale anaongea juu yangu."

Kimaiyo alifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi alipoikumbuka baadaye. Alihisi hatimaye ana kitu cha kumpa. Aliiweka laptopu juu ya stuli karibu na magoti ya mkewe, akaunganisha spika ndogo, akamsogezea kikombe cha chai mkononi. Akabonyeza.

Wimbo ukaanza. Jepkemboi aliinamisha kichwa upande wa spika.

"Wanafanya nini sasa?"

"Wanaingia kwa hema. Unajua vile walikuwa wanaingia, hatua mbili mbele, moja nyuma."

"Hao walicheza," alisema, na akacheka kidogo. "Nilifikiri chakula itapoa."

Wimbo uliendelea. Ukaisha, ukaanza mwingine. Wasimamizi walikuwa wengi, na kila mmoja alitaka kamera imwonyeshe vizuri. Jepkemboi alikunywa chai kidogo kidogo, uso umetulia kama wa mtu aliye kwenye foleni na anajua zamu yake itafika. Kisha, Winrose akiwa hajafika hata meza ya mbele, msimamizi mmoja akiwa ameinua mguu, picha ikakatika. Kioo kikawa cheusi.

Kimaiyo alibonyeza tena. Akarusha mbele mpaka mwisho. Mguu uleule, weusi uleule. Alifungua ile ya pili ya harusi, na hapo wakaonekana watu wakiingia kanisani mpaka ikakatika kabla mchungaji hajafungua mdomo. Ya kwanza ilikuwa ya saluni, Winrose akipakwa rangi ya kucha, midomo yake ikienda na wimbo umeifunika sauti. Akatafuta zile faili nyingine, na wakati uleule akakumbuka kwamba hazipo, kwamba ni yeye aliyeziacha nje, na ni kwa nini aliziacha. Aliielewa kazi yake yote ya Jumamosi ile kwa mara moja.

"Imekuwaje?" Jepkemboi aliuliza. "Mbona kimya?"

"Ni betri."

"Si stima iko? Naskia redio ya Mama Lynn hapo jirani."

"Ni charger. Nitaiangalia."

"Sawa. Ngoja basi uitengeneze." Akakiweka kikombe chini kwa uangalifu, akitafuta ukingo wa meza kwa kidole. "Hata ikiwa ni kesho. Nimengoja miaka hii yote."

Kimaiyo alitoka akaenda shambani, na alipofika penye matuta alianza kukimbia, mzee wa umri wake, na nguo za kanisa. DVD mbili hazikuwepo, upepo ulikuwa umezichukua. Nne zilikuwa bado kwenye kamba. Maandishi ya kalamu yalikuwa yamefutika juu yake, kwa hivyo hakujua ipi ni ipi. Upande wa chini, uliokuwa na rangi ya zambarau zilipokuwa mpya, ulikuwa umefifia na kuwa mweupe wenye mikwaruzo, na moja ilikuwa imeanza kuachana ukingoni, tabaka mbili kama biskuti ya krimu. Alizifuta kwa shati. Aliziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akazisugua kwa dawa ya meno kama alivyowahi kuona watu wakifanya. Kisha, akiwa amejificha kwenye stoo ya mahindi ili mkewe asisikie, akaziingiza kwenye laptopu moja baada ya nyingine. Mashine iliguna, ikazunguka, ikanyamaza, ikamwambia tafadhali aingize diski.

Alimpigia Kibii simu. Mkwewe huyo alikuwa ameoa tena na walikuwa hawajazungumza muda mrefu, lakini bado alimwita Baba.

"Baba, zile zetu hazipo," Kibii alisema. "Niliziweka kwa jeneza. Na gauni. Sikutaka mtu mwingine aziangalie."

"Ulifanya vizuri," Kimaiyo alisema.

"Kuna shida?"

"Hakuna. Salimia watu wa nyumba."

Asubuhi alimwambia mkewe anakwenda Nakuru kutafuta charger. Huo ulikuwa uongo mwingine, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Mburu, aliyeichukua ile video ya harusi, alikuwa bado na studio yake, ingawa siku hizi alichapa picha kwenye vikombe na fulana. Kichwa kilikuwa kimeanza kuota mvi. Aliipokea DVD ya kwanza, akaiinua dhidi ya balbu, na Kimaiyo akakiona kidole cha Mburu kupitia upande wa pili.

"Mzee, hii jua imemaliza," Mburu alisema. "Hakuna kitu hapa. Hii ni plastiki tu." Akazitazama zote nne, akazipanga kaunta taratibu. "Zilikuwa wapi?"

"Shambani. Na wewe? Si wewe ndio ulichukua? Hukuweka yako?"

Mburu alijikuna shingo. "Ningeweka wapi, mzee? Harusi moja, kabla sijaikata, ilikuwa inakula GB sitini. Na tulikuwa na harusi kila Saturday, kutoka Dundori mpaka Molo. Mwenyewe akishachukua DVD zake, nafuta ndio nipate space ya ile ya wiki ijayo. Hata kanda tulikuwa tunarekodi juu yake. Tulikuwa tunajua watu wako na DVD."

"Tulikuwa nazo," Kimaiyo alisema.

Labda ni namna alivyolisema. Mburu aliingia nyuma, akapekua muda mrefu, akarudi na katoni ya hadidiski za zamani. Mbili hazikuzunguka kabisa. Ya tatu ikawaka. Folda zikajitokeza, majina ya maharusi kutoka juu mpaka chini, na Mburu akashusha polepole huku Kimaiyo ameegemea kaunta. Na hapo ikaonekana: Winrose na Kibii.

Kimaiyo alisema asante kabla haijafunguliwa. Aliisema kwa Kikalenjin, na haikuwa ya Mburu bali ya Mungu.

Ndani ya folda mlikuwa na faili moja. Ilikuwa picha ya kava, ile ya kuchapwa nje ya kasha la DVD. Winrose alikuwa anatazama pembeni, maua kifuani, jina lake limeandikwa juu kwa dhahabu.

"Hiyo ndio tuliacha," Mburu alisema. "Hizo ni ndogo, hazikuwa zinasumbua. Naweza kukuchapia kubwa. Hutalipa kitu."

"Mama yake haoni," Kimaiyo alisema.

Mburu aliketi. Kisha Kimaiyo, ambaye hakuwahi kumwambia mtu kosa lake la kompyuta tangu azaliwe, akamweleza yote: faili za ukubwa mmoja, mioyo miwili, GB nane. Alieleza kwa mpangilio, kama ripoti ya stoo. Mburu alisikiliza akitikisa kichwa.

"Ulikuwa umekosa GB ngapi ndio zote zitoshee?"

"Kama GB ishirini."

Mburu alitazama ukutani nyuma yake bila kukusudia. Kimaiyo akafuata macho yake. Flashi zilikuwa zimening'inia pale kwenye kadibodi, za GB thelathini na mbili, za sitini na nne, ndogo kama kucha, za kufungia kwenye ufunguo. Alizitazama mpaka Mburu akaona aibu na kusimama mbele ya flashi hizo.

Alirudi Kabazi mchana. Njiani alijaribu kupanga uongo mwingine tena. Angeweza kusema laptopu imekufa. Angeweza kusema fundi ameibiwa. Lakini alijua Jepkemboi angesema sawa, nitangoja, na kila asubuhi angeamka akimngojea Winrose aongee, na yeye, Kimaiyo, angekuwa ndani ya nyumba hiyo akimtazama akingoja. Hilo hakuliweza. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo usingizi hautoi.

Alimkuta jikoni akichagua maharagwe kwa vidole, ungo umelala mapajani.

"Ulipata?"

"Hakuna," Kimaiyo alisema.

"Charger haikupatikana?"

"Charger haina shida. Ni ile ya tatu. Hakuna kitu pale anaongea. Mimi nilikata. Nafasi ilikuwa kidogo na nilifikiri zimejirudia, nikachukua za mwanzo tu. Zingine sikuweka."

Vidole vya Jepkemboi vilisimama ndani ya maharagwe.

"Na zile za shambani?"

"Jua imeziua. Mburu amejaribu."

"Na yeye Mburu?"

"Alifuta."

"Na Kibii?"

"Alimzika nazo."

Aliyapokea majibu hayo moja moja, akitikisa kichwa. Kimaiyo alitamani apige mayowe. Alitamani amrushie ungo, amwite mjinga, aite majirani waje wasikie kazi ya mtu wa packages. Angelishukuru tusi lolote. Jepkemboi hakutukana. Aliuelekeza uso mahali sauti ya mumewe ilipotoka.

"Basi niambie wewe," alisema. "Wewe ulikuwa kwa hema. Ulikuwa umekaa meza ya mbele. Alisema nini juu yangu?"

Kimaiyo alifungua mdomo. Aliliona hema. Aliyaona maua ya karatasi kwenye nguzo, akasikia maikrofoni ikikoroma kabla mtu hajaigonga kwa kidole. Alimwona Winrose akisimama. Maneno yakaanza kuja, akayashika kwa shukrani.

"Alisema anashukuru Mungu kwa hii siku. Alisema kama si mama, hii nyumba haingesimama. Akasema mama ameamka mapema miaka yote bila kulalamika, na asiyejua aulize majirani."

Jepkemboi alisikiliza, kichwa kimeinama vilevile kama kilivyoinama penye spika. Alingoja amalize.

"Hayo ni yako," alisema. "Wewe ndio ulisema hivyo, wakati ulisimama baada yake. Hiyo yako niliskia. Nilikuwa nimetoka kuchota maji."

Ilikuwa kweli. Sasa aliliona jambo lote. Alikuwa na karatasi magotini siku ile. Yeye ndiye aliyekuwa afuate kuzungumza, na alikuwa akiogopa asije akasahau majina ya wazee wa Rongai. Binti yake alipokuwa akisema yale yaliyowaliza wanawake, Kimaiyo alikuwa ameinamisha macho akirudiarudia hotuba yake mwenyewe. Aliinua kichwa watu walipopiga makofi. Katika siku nzima ile hakuwa amebeba neno hata moja isipokuwa lake.

Jepkemboi aliyagusa maharagwe, akayaacha.

"Basi niambie kitu kimoja tu. Sitauliza ingine. Akiongea, alikuwa analia ama alikuwa anacheka?"

Kimaiyo alitafuta. Alitafuta kwa nguvu zake zote, amefumba macho, mkono ameuegemeza kwenye mlango wa jiko. Aliona karatasi. Aliona kiatu chake cheusi kwenye nyasi.

"Sijui, Mama Winrose," alisema.

Jepkemboi alingoja kidogo, pengine mumewe atakumbuka. Kisha akaurudisha mkono kwenye ungo, na hakumuuliza tena siku hiyo wala siku nyingine yoyote.